Adolphe Quetelet: mtaalamu wa nyota aliyetuachia kipimo cha BMI

Ukienda zahanati au kituo cha afya siku hizi, mara nyingi kabla hujaonana na mganga, muuguzi atakupandisha kwenye mizani, atakusimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu, kisha ataandika namba kwenye kadi yako. Namba hiyo inaitwa BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu wa mwili. Kwa namba hiyo mtu anaambiwa amepungua, yuko sawa au amezidi. Wapo wanaorudi nyumbani na hofu kwa sababu yake, na wapo wanaowahi matibabu kwa sababu hiyo hiyo.

Tukizungumzia BMI kwenye kipindi cha afya, maswali huwa mengi. Nani alitunga hesabu hii? Alikuwa daktari wa wapi? Je, namba moja inaweza kweli kumjua mtu mwenye misuli ya jembe na mtu anayeshinda amekaa dukani?

Jibu la maswali hayo liko ndani ya maisha ya mtu mmoja. Jina lake ni Adolphe Quetelet. Hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa hesabu na kuangalia nyota, na alifariki mwaka 1874. Ukiyajua maisha yake, utajua pia namba yako ya BMI inasema nini na haisemi nini.

Mtoto wa Ghent

Quetelet alizaliwa tarehe 22 Februari 1796 katika mji wa Ghent. Leo mji huo uko Ubelgiji, nchi ile ambayo baadaye ilikuja kuitawala Kongo, kisha Rwanda na Burundi. Lakini wakati anazaliwa, Ubelgiji haikuwepo kama nchi. Ghent ilikuwa chini ya Ufaransa. Mwaka 1815 ikawa chini ya Uholanzi. Mwaka 1830 watu wa huko wakafanya mapinduzi na nchi ya Ubelgiji ikazaliwa. Kwa hiyo Quetelet aliishi chini ya serikali tatu tofauti kabla hajafikisha miaka 40.

Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka saba. Ilibidi kijana aanze kujitegemea mapema, na akiwa na miaka 19 tayari alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wake. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa zaidi kwenye sanaa. Alipenda kuchora na kuandika mashairi, na pamoja na rafiki yake Germinal Dandelin aliandika maneno ya mchezo wa kuigiza kwa nyimbo.

Hesabu ndiyo iliyomfungulia njia. Chuo kikuu kilipoanzishwa Ghent mwaka 1817, yeye akawa mtu wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa hesabu pale, mwaka 1819. Mwaka huo huo alihamia Brussels kufundisha. Mwaka uliofuata akachaguliwa kuingia katika Akademia ya wanasayansi ya mji huo.

Safari ya Paris

Brussels haikuwa na kituo cha kuangalia nyota. Quetelet alianza kuisumbua serikali ijenge kimoja. Serikali ikakubali kumpeleka Paris akajifunze kazi hiyo, akafika huko mwishoni mwa mwaka 1823.

Safari hiyo ndiyo iliyobadili maisha yake. Alijifunza kutumia vyombo vya kuangalia nyota, na pia akakutana na mabingwa wa hesabu wa zama hizo, akina Laplace na Fourier. Kutoka kwao alipata jambo moja ambalo hakuliacha hadi kufa: hesabu ya makosa.

Tulielewe jambo hili, kwa sababu BMI imetoka humo. Watu kumi wakipima mahali nyota ilipo, hawatapata jibu moja. Mmoja atazidisha kidogo, mwingine atapunguza kidogo. Lakini ukikusanya vipimo vingi, utaona vingi vinajazana katikati, na kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo vinavyopungua. Ni kama mahindi unapoyamwaga kwenye turubai: rundo linakuwa refu katikati na kushuka taratibu pande zote. Wataalamu wa nyota walichukua lile la katikati, yaani wastani, kuwa ndilo lililo karibu zaidi na ukweli.

Quetelet alirudi nyumbani na wazo hilo kichwani. Alimwoa Cécile Curtet, binti wa daktari Mfaransa, akaendelea kupigania kituo chake cha nyota. Mwaka 1826 serikali ilikubali kijengwe, na mwaka 1828 yeye akateuliwa kukiongoza. Kisha mapinduzi ya mwaka 1830 yakaukumba mji na ujenzi ukachelewa. Utulivu uliporudi, serikali mpya ya Ubelgiji ilimwacha aendelee na kazi yake.

Hesabu ya nyota yaletwa kwa watu

Akiwa anasubiri kituo kikamilike, Quetelet alijiuliza swali ambalo wachache walikuwa wamejiuliza. Kama vipimo vya nyota vinafuata utaratibu, je, binadamu nao wanafuata utaratibu? Ukiwatazama watu mmoja mmoja, kila mtu ni wa peke yake. Je, ukiwatazama kwa maelfu?

Akaanza kukusanya takwimu: waliozaliwa, waliofariki, waliooa, hata waliofikishwa mahakamani. Akakuta jambo lililomshangaza yeye na wenzake. Mwaka hadi mwaka idadi ya makosa ya jinai nchini Ufaransa ilikaribiana sana, kana kwamba kuna mtu aliyeipanga. Akaona kwamba umaskini, elimu, umri na hali ya maisha vina mkono wao katika makosa hayo, na kwamba jamii nzima ina sehemu yake. Wengi walimpinga kwa hilo. Walidai anamwondolea mtu hiari na lawama.

Kisha akaigeukia miili ya watu. Alipima na kukusanya vipimo vya watoto wachanga, wanafunzi, watu wazima na wazee wa Brussels, urefu na uzito, kwa kila umri. Alikuwa makini kiasi cha kukadiria uzito wa nguo. Kwa hesabu yake, nguo za mwanamume wa wakati ule zilikuwa sehemu moja ya 18 ya uzito wote, na za mwanamke sehemu moja ya 24. Kwa hiyo muuguzi akikuambia uvue koti na viatu kabla ya kupanda mizani, ujue suala hilo liliwasumbua watu tangu zamani.

Kazi hiyo aliitangaza mwaka 1832, na mwaka 1835 akaiweka ndani ya kitabu kikubwa kuhusu binadamu, kilichosomwa Ulaya nzima.

Kwa nini urefu mara urefu

Ndani ya kazi hiyo ndimo iliyomo hesabu tunayoiita BMI. Kila mtu anajua kwamba mrefu huwa na uzito kuliko mfupi. Swali la Quetelet lilikuwa: anamzidi kwa kiasi gani?

Chukua watu wawili wazima. Mmoja ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 60. Mwingine ana mita 1.80. Je, tutarajie huyu mrefu awe na kilo ngapi?

Kama uzito ungepanda sawasawa na urefu, angekuwa na kilo 67.5. Kama mwili ungekua kama ndoo inayopanuliwa pande zote kwa kiwango kimoja, urefu, upana na unene, angefika kilo 85. Ndoo ya namna hiyo ikiongezwa mara mbili kila upande, hubeba maji mara nane.

Quetelet alipoangalia watu halisi, hakukuta la kwanza wala la pili. Watu warefu hawapanuki kwa kiwango kile kile wanachorefuka. Kwa watu wazima, uzito ulikaribiana na urefu uliozidishwa kwa wenyewe, yaani urefu mara urefu. Kwa hesabu hiyo mtu wetu wa mita 1.80 anatarajiwa kuwa na kilo 76 hivi.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni: chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu mara urefu, urefu ukiwa kwa mita. Kwa miaka mingi wataalamu waliiita kipimo cha Quetelet.

Angalia jambo hili vizuri, msikilizaji. Quetelet hakuwa anatafuta nani mnene na nani mwembamba. Hakuwa anatafuta mgonjwa. Alitaka kujua miili ya watu wengi kwa pamoja inafuata utaratibu gani. Yeye mwenyewe aliona pia kwamba kanuni hiyo haiwafai watoto wanaokua, kwa sababu miili yao hubadilika kwa njia nyingine.

Mtu wa wastani

Wazo kubwa la Quetelet lilikuwa mtu wa wastani. Ukichukua urefu wa watu wote wa nchi, uzito wao na nguvu zao, ukatafuta wastani wa kila kimoja, unapata mtu ambaye hayupo popote lakini anaiwakilisha nchi nzima.

Ili kuonyesha kwamba miili inafuata lile rundo la mahindi, mwaka 1846 alitumia vipimo vya kifua vya wanajeshi 5,738 wa Scotland. Wengi walikaa karibu na inchi 40, na wenye vifua vyembamba sana au vipana sana walikuwa wachache pande zote mbili.

Alifanya pia jambo la werevu na vijana wa Ufaransa walioitwa jeshini. Aliyekuwa chini ya kimo kilichowekwa alisamehewa. Quetelet alipopanga urefu wa vijana 100,000, akaona rundo lina kasoro: waliopungukiwa kimo kidogo tu walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na waliokizidi kidogo tu walikuwa pungufu. Akahitimisha kwamba vijana wapatao 2,000 walikuwa wamepata njia ya kujifupisha mbele ya wapimaji ili wakwepe jeshi. Hakumjua hata mmoja wao kwa jina, lakini hesabu ya wengi ilimwonyesha udanganyifu.

Hiyo ndiyo nguvu ya kazi yake. Udhaifu wake nao ulikuwa hapo hapo. Kwa mtaalamu wa nyota, kipimo kilicho mbali na katikati ni kosa. Quetelet akalihamisha wazo hilo kwa binadamu. Akauona wastani kuwa ndio ukamilifu, na tofauti za watu kuwa kama makosa ya maumbile. Lakini mtu mrefu si kosa, mfupi si kosa, na mwenye mifupa mipana si kosa. Tena, watu aliowatumia kwa vipimo vyake walikuwa zaidi Wabelgiji, Wafaransa na Waskoti. Wastani wao ulikuwa wa kwao, haukuwa wa dunia nzima.

Baadaye Mwingereza Francis Galton alichukua rundo hilo hilo na kulitumia kuwapanga watu kwa madaraja ya ubora, na mawazo yake yakaleta madhara makubwa katika karne iliyofuata. Quetelet hakuwa na nia hiyo. Lakini wazo likishatoka mikononi mwa mwenyewe, hana uwezo wa kulirudisha.

Takwimu, wafalme na muuguzi

Sifa za Quetelet zilienea. Tangu mwaka 1834 alikuwa katibu wa kudumu wa Akademia ya Brussels, na mwaka huo huo alishiriki kuanzishwa kwa chama cha takwimu cha London. Alimfundisha hesabu mwana wa mfalme aliyeitwa Albert, ambaye baadaye alimwoa Malkia Victoria wa Uingereza. Alisimamia sensa ya Ubelgiji ya mwaka 1846, ambayo nchi nyingine ziliiga. Mwaka 1853 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu ulifanyika Brussels, yeye akiwa mbele, ili nchi zikubaliane kuhesabu mambo kwa namna inayolingana.

Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa Uingereza, alikuwa mmoja wa waliomheshimu sana. Alisoma vitabu vyake na kuandikiana naye barua. Nightingale alijua kwamba takwimu zikipangwa vizuri zinaokoa maisha, kwa sababu alikuwa amezitumia kuonyesha jinsi askari wengi walivyokufa kwa uchafu na magonjwa hospitalini kuliko kwa risasi.

Mwaka 1855 Quetelet alipata kiharusi. Alipona, lakini kumbukumbu yake haikurudi ilivyokuwa, na kazi za kuandika zikawa ngumu. Mwanawe Ernest, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa nyota, alimsaidia katika kituo. Mzee hakuacha kazi. Mwaka 1871 alitoa kitabu kingine kuhusu vipimo vya mwili wa binadamu. Alifariki Brussels tarehe 17 Februari 1874, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 78.

Jinsi hesabu yake ilivyofika zahanati

Kwa karibu miaka mia moja kipimo hicho hakikuwa na kazi kubwa hospitalini. Waliokifufua suala la uzito walikuwa watu wa bima nchini Marekani. Kampuni za bima ya maisha zilitaka kujua ni wateja gani wanakufa mapema, zikaona uzito uliozidi unahusiana na vifo. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Metropolitan Life ilitoa majedwali ya uzito uliofaa kwa kila urefu, na madaktari wakayatumia.

Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake walilinganisha njia mbalimbali za kukadiria unene, wakitumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Walikuta kanuni ya Mbelgiji yule ni rahisi na inafanya kazi vizuri kama nyingine au kuzidi kidogo. Wao ndio walioipa jina la BMI. Hata wao walikuwa wanalinganisha makundi ya watu.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka inayotumika hadi leo. Mipaka hiyo imewekwa na watu, na inaweza kusogezwa. Mwaka 1998 Marekani ilishusha mpaka wake wa uzito uliozidi hadi 25, na mamilioni ya watu wakaingia kwenye kundi hilo bila kuongezeka hata kilo moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze mapema, kwenye 23, kwa sababu wengi wao hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo zaidi.

Jinsi ya kujipimia

Sasa chukua simu yako. Kikokotoo cha simu ya kawaida kinatosha.

Kwanza pima uzito kwenye mizani inayoaminika, bila viatu wala nguo nzito. Pili pima urefu. Simama wima bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta. Mtu mwingine aweke kitabu au ubao juu ya kichwa, ukiwa umelala sawa, kisha aweke alama ukutani. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Futi ya kamba ya fundi cherehani mara nyingi huishia sentimita 150, kwa hiyo weka alama ya kwanza hapo, kisha pima iliyobaki na ujumlishe. Sentimita 170 ni sawa na mita 1.70.

Tatu, gawanya uzito kwa urefu. Jibu utakalopata, ligawanye tena kwa urefu ule ule. Basi, hiyo ndiyo BMI yako.

Mfano: mkulima mwenye kilo 65 na urefu wa mita 1.70. Gawanya 65 kwa 1.70 unapata 38.2. Gawanya tena kwa 1.70 unapata 22.5.

Kwa mtu mzima, mipaka ni hii:

Chini ya 18.5: uzito pungufu. Ikiwa chini ya 16, upungufu ni mkubwa sana na anahitaji huduma haraka.
Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25: uzito unaofaa.
Kuanzia 25 hadi chini ya 30: uzito uliozidi.
Kuanzia 30 na kuendelea: unene uliokithiri, ambao wataalamu wa lishe huuita kiribatumbo.

Mama mwenye kilo 78 na mita 1.58 anapata 31.2, yuko kwenye kiribatumbo. Kijana mwenye kilo 52 na mita 1.75 anapata 17, uzito wake ni pungufu. Na ukitaka kujua kilo zinazofaa kwa urefu wako, zidisha urefu kwa urefu, kisha jibu ulizidishe kwa 18.5 na kwa 25. Mtu wa mita 1.60 anatakiwa awe kati ya kilo 47.4 na kilo 64.

Mahali namba inapopotosha

Kumbuka sasa yule mzee wa Brussels. Hesabu yake ilitengenezwa kwa ajili ya wengi. Ukiileta kwa mtu mmoja, inakuwa kama kubisha hodi: inakuambia hapa pafunguliwe patazamwe, haikuambii ndani kuna nini.

Mizani haitofautishi misuli na mafuta. Kijana anayebeba mizigo sokoni anaweza kupata 26 akiwa mzima kabisa. Mzee aliyepoteza misuli anaweza kupata 23 huku kitambi kimejaa mafuta. BMI haioni mafuta yamekaa wapi, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari, presha na maradhi ya moyo. Kwa hiyo ongeza kipimo cha pili: zungusha futi ya kamba kiunoni, nusu ya njia kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga. Mzunguko huo usifike nusu ya urefu wako. Mtu wa sentimita 160 asifike sentimita 80.

Mipaka tuliyoitaja haimhusu mama mjamzito, kwa sababu uzito wake lazima uongezeke. Yeye afuate ushauri wa kliniki. Haiwahusu watoto pia. Wao wana kadi zao za ukuaji, kama Quetelet mwenyewe alivyoona kwamba mwili unaokua una hesabu yake.

Kuna jambo jingine huku kwetu. Mtu akinenepa tunamsifu kwamba maisha yamemkubali. Akikonda, maneno yanaanza kwamba ameathirika. Yote mawili ni kumhukumu mtu kwa macho, na watu wanaumia kwa hayo. Wapo wanaoogopa kupunguza uzito ili wasisemwe, huku sukari inapanda. Wapo wanaokonda kwa kifua kikuu au kwa kukosa chakula cha kutosha, wanajificha ndani badala ya kwenda kupimwa. Namba ina faida hapa, kwa sababu haina umbeya. Kijana wetu mwenye 17 hajaambiwa ana ugonjwa gani. Ameambiwa aende kituo cha afya aulizwe anakula nini, anakohoa muda gani, amepungua tangu lini. Mama mwenye 31.2 hajaambiwa ni mvivu. Ameambiwa apime presha na sukari mapema, kabla hazijamletea madhara.

Kama umepima mara moja, andika namba na tarehe mahali utakapoikumbuka, kisha pima tena baada ya miezi mitatu. Namba inayobadilika haraka, kupanda au kushuka bila sababu unayoijua, ina maana kubwa kuliko namba ya siku moja. Ukienda kituoni, nenda na maandishi hayo, umwonyeshe mganga.

Quetelet alitafuta mtu wa wastani maisha yake yote na hakuwahi kukutana naye, kwa sababu hayupo. Muuguzi akikuandikia namba yako, muulize inamaanisha nini kwako wewe, kwa umri wako, kazi yako na afya yako. Ni haki yako kuuliza, na jibu lake ndilo litakalokusaidia.